Nusu ya Fahali

Nilifika Nairobi nikinuka samaki. Lori lilikuwa limepakia samaki wakavu Kalokol, kule kwenye Ziwa Turkana, na mimi nilikuwa nimelala juu ya magunia. Likaharibika Kainuk, tukakaa juani tukingojea springi iletwe kutoka Kitale. Likaharibika tena kabla ya Eldoret, na hapo baridi ilinifanya nijichimbie katikati ya magunia kama panya. Nakuru niliingia hoteli kunywa chai, mama mwenye hoteli akaniomba kwa upole niinywee nje. Tulipofika soko la Muthurwa asubuhi, dereva alinipa pesa kidogo akaniambia, "Kabla hujatafuta kazi, tafuta maji."

Ilikuwa mara yangu ya nne kuanza maisha mahali pasipo na mtu anayenijua. Nilipomaliza kidato cha nne kwetu Butere, niliona wazi kwamba shamba la baba halingegawanyika tena kwa wana watano, basi nikaondoka. Niliuza maji Malaba. Nilichoma matofali Kitale. Nilipakia samaki Kalokol. Miguu yangu haijawahi kutulia. Mama alikuwa akisema ni kwa sababu nilizaliwa njiani, yeye akitoka sokoni.

Pale Muthurwa watu walinipisha njia kama mheshimiwa. Mtu mmoja tu hakurudi nyuma. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, na kikapu mkononi. Alinisikia nikimuuliza mchuuzi mahali pa kuoga, akatambua lafudhi yangu. Akaniuliza kwa lugha ya kwetu: wa wapi, wa ukoo gani, mtoto wa nani. Nikamjibu. Akaweka kikapu chini.

"Mimi nimezaliwa katika ukoo huo," akasema. "Basi mimi ni senje wako."

Kwetu senje ni shangazi, dada ya baba. Si lazima awe ametoka tumbo moja na baba yako. Akizaliwa katika ukoo wenu, ni senje, na wewe ni mwanawe, na hakuna korti ya kukata rufaa. Alinipeleka kwake Njiru, akanipa ndoo ya maji ya moto na sabuni ya kufulia, kisha akanipa nyingine. Nilipotoka bafuni ugali ulikuwa mezani. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimejenga jumba la ghorofa nne la kupangisha, kando kidogo ya barabara ya Kangundo. Wapangaji walimwita Mama Beti. Keateka wake, yule mtu wa kutunza jumba, alikuwa ametoroka wiki hiyo.

"Makokha mwanangu," akaniambia, "shika hizi funguo."

Nikazishika. Sikuuliza mshahara. Ungemuulizaje senje wako mshahara, na sabuni yake bado inanukia mwilini mwako?

Ninyi vijana mnaoshika funguo za watu Njiru, Kayole, Umoja na kwingineko, hapo ndipo nataka msimame kidogo. Nimeiacha kazi hiyo. Sasa nauza vipuri vya mabomba katika mji uitwao Wote, na sijui kama mwakani nitakuwa hapa. Lakini naona wengi wenu mmeletwa mjini na mjomba, na shangazi, na rafiki ya baba, na mmepewa funguo kama nilivyopewa mimi.

Kazi yenyewe ina ujuzi wake, mtu asiwadanganye kwamba keateka ni mtu wa kuzurura na ufagio. Kwanza jueni maji. Jumba letu lilikuwa na vali mbili nyuma ya chumba changu, chini ya ngazi. Ya kushoto ndiyo ya kupeleka maji juu. Haifunguliwi yote kwa mara moja. Unaizungusha nusu, unangoja hewa itoke, unasikia bomba likipumua, kisha unamalizia. Ukiifungua yote kwa haraka, hewa inagonga ndani ya mabomba kama nyundo, ghorofa nzima inashtuka, na siku moja kiungo kitapasuka ndani ya ukuta wa mtu. Mimi nilipasua kimoja mwezi wangu wa kwanza. Mpangaji aliyelowa alikuwa mwalimu wa hisabati. Akanipigia hesabu ya hasara kwa sauti, nikiwa nimesimama ndani ya maji yake.

Pili, jueni dalili za mtu anayetaka kuhama bila kulipa. Hatoi kochi kwanza. Anaanza na mapazia. Anasema anayapeleka kufuliwa, na hayarudi. Halafu anakuwa mwema kwako ghafla. Mpangaji ambaye hajawahi kukusalimu akikuita "mkubwa" na kukuuliza habari za nyumbani, nenda ukaangalie kama pazia liko.

Tatu, na hili nilifundishwa na Mzee Musyoka. Yeye alikuwa keateka wa jumba lililotazamana na letu, mtu wa Kitui, aliyekuwa mchonga vinyago kabla macho hayajaanza kumsumbua. Bado alichonga miiko, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, akikaa kwenye kiti kando ya geti lake. Wiki yangu ya kwanza aliniona nikitoka nyumba ya mpangaji nikifuta midomo.

"Umekula?"

"Chapati tu, mzee."

"Usirudie. Keateka hali kwa mpangaji. Leo umekula chapati yake, mwisho wa mwezi utamwekea kufuli na mkono gani?"

Niliifuata amri hiyo kuliko amri zote za kanisani. Niliishi katikati ya watu miaka zaidi ya kumi, nikajua nani anakoroma, nani anapika nini, nani ameachwa na nani, na sikuwahi kukaa kwenye kiti cha yeyote. Jioni walipofunga milango, kila mlango ulikuwa na sauti za watu nyuma yake, na mimi nilikuwa na pampu. Nilikuwa nikiongea nayo. Msicheke. Ngojeni tu, nanyi mtaongea na pampu.

Senje peke yake ndiye aliyekuwa na kiti changu. Jumapili baada ya ibada nilikula kwake. Alinitambulisha kanisani, "Huyu ni mwanangu Makokha." Alinichagulia minofu. Kwa ajili ya kiti hicho kimoja sikuhesabu mengine.

Mengine yalikuwa haya. Kila mwisho wa mwezi alinipa kitu mkononi, pesa zilizokunjwa, akisema, "Ya sabuni, mwanangu." Mwezi mwingine zilikuwa zaidi, mwezi mwingine zilikuwa pungufu kwa sababu paa lilivuja. Nilikuwa nafagia ghorofa nne, nasukuma maji, nakusanya kodi, nazibua vyoo, nalinda geti. Siku moja Musyoka aliniuliza nalipwa ngapi. Nikamwambia. Akaacha kuchonga.

"Kwa wiki?"

"Kwa mwezi."

Akafikiri, kisu kikiwa hewani. "Na huyo ni shangazi yako?"

"Ni senje wangu, ndiyo."

"Kumbe angekuwa adui yako, ungekuwa unamlipa wewe."

Nilicheka, lakini mfupa ulibaki kooni. Yeye Musyoka, mtu asiyeona vizuri na asiye na undugu na tajiri wake, alikuwa akipata zaidi ya mara mbili yangu, na chumba juu yake. Akanieleza kwamba kuna kiwango ambacho serikali imeweka, na kwamba ofisi ya kazi iko mjini na haitozi kitu. Nikasema nitakwenda. Sikwenda. Jumapili ilikuwa karibu.

Sasa niwaeleze kuhusu kufuli, kwa maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Mpangaji akichelewa sana, Senje alinituma niweke kufuli lake kwenye mlango wa mpangaji. Utaratibu wa Musyoka ulikuwa: sukuma mlango, ita, ingiza kichwa, nusa, ndipo ufunge. Nyumba kumi na nne alikaa Mama Kevo, mwanamke mwembamba mwenye ulimi, aliyekuwa akipika maharagwe na kuyauza kwa bakuli kando ya barabara. Biashara ilikuwa imemdodea na kodi ilikuwa imechelewa. Senje akanituma. Nilisukuma mlango, nikaita, kimya, nikafunga. Sikunusa.

Mama Kevo alikuwa ametoka kununua vitunguu. Sufuria yake kubwa ya biashara ilikuwa motoni. Hadi nilipompata Senje na kupata ruhusa ya kufungua, maharagwe yalikuwa yamekuwa makaa na sufuria ilikuwa imetoboka. Ghorofa ya pili ilinuka wiki nzima. Mama Kevo hakupiga kelele. Aliitundika ile sufuria kwenye msumari, nje ya mlango wake, tundu likinitazama kila nilipopita na ufagio. Tangu siku hiyo hakunisalimu.

Halafu baba akafariki.

Senje alikuja mazishini Butere. Alikuja kama senje anavyopaswa kuja, na watu wake wa kanisani, na nyuma yao vijana wawili wakivuta fahali. Kwetu anayeleta fahali kwenye matanga halazimiki kusema mengi, ng'ombe amekwisha kusema. Lakini Senje alisema. Alisimama karibu na jeneza akashika bega langu, akatangaza mbele ya ukoo wote, "Huyu fahali tumemleta sisi wawili, mimi na mwanangu Makokha." Wanawake wakapiga vigelegele. Kaka zangu, ambao walikuwa wakiniona mimi mzururaji tu, walinitazama upya. Mjomba alinipa kiti cha mbele. Nililia siku ile, na si kwa ajili ya baba peke yake.

Tulirudi Njiru. Mwisho wa mwezi Senje alinipa ile ya sabuni, na ilikuwa ndogo mno. Nikadhani paa limevuja tena.

"Nimekata kidogo," akasema. "Nusu ya fahali. Nitakata taratibu, mwanangu, nisikuumize."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Wakati wa kulipwa, nilikuwa mwana. Ulipofika wakati wa kukatwa, nikawa mfanyakazi. Ningeweza kuvumilia mojawapo. Yote mawili kwa pamoja yalinishinda.

Nilingoja Jumapili, tukala, nikamwambia kwa adabu kwamba nadhani mshahara wangu uko chini ya haki, na kwamba nimeambiwa serikali ina kiwango. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto aliyembeba mgongoni.

"Makokha mwanangu, tangu lini mtoto akamwekea shangazi yake bei?"

"Senje, umenikata fahali."

"Fahali ulimleta wewe. Uliona aibu walipokupigia vigelegele?"

Akaongeza kwamba chumba ninacholala si cha bure, kwamba chakula cha Jumapili si cha bure, kwamba nilifika nikinuka samaki. Alisema yote hayo akinipakulia mboga.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kazi. Vijana, nendeni mkiwa mmekula, mtangoja. Na semeni mambo kwa mpangilio: ulianza lini, unafanya nini, unalipwa nini, nani anakutuma. Afisa aliyenisikiliza alikuwa mtu wa maneno machache mwenye mafua. Nilipofika kwa fahali aliinua kichwa.

"Fahali gani?"

Nikamweleza. Akapenga kamasi. "Hii ndiyo mara ya kwanza ng'ombe kuingia ofisini humu," akasema. Kisha akanieleza kwamba atamwita mwajiri, lakini kazi yangu haina mkataba, na mwajiri akikana, nitahitaji mtu wa kusema kwamba mimi ni keateka kweli. Nikamwambia hilo halitanisumbua. Jumba zima linanijua.

Jumba zima lilinijua, ndiyo, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Nilianza kugonga milango, safari hii si kwa ajili ya kodi. Yule mwalimu wa hisabati alisema yeye na Mama Beti wanasali pamoja. Mwingine alisema, "Hayo ni mambo yenu ya ukoo. Mkipatana kesho, mimi nitahamia wapi?" Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu, wa bodaboda, alinisikiliza mpaka mwisho akiegemea mlango.

"Budaa, ile siku uliniwekea kufuli, si uliniambia kazi ni kazi?"

"Nilisema."

"Basi pambana na kazi yako."

Hakusema kwa ubaya. Alifunga mlango polepole. Musyoka ndiye angenisemea, lakini macho yalikuwa yamemwisha kabisa na wanawe walikuwa wamemrudisha Kitui. Aliniachia mwiko mmoja. Nilishuka ngazi siku ile nikiwa nimegonga karibu milango yote, nikaelewa ile amri yake upande wa pili. Sikula chapati ya mtu, basi hakuna aliyekuwa na deni la wema kwangu. Mlango wa kumi na nne sikuugonga. Niliipita ile sufuria nikiinamisha kichwa, nikajifanya natazama uchafu sakafuni.

Siku ya kuitwa, Senje alikuja na gauni lake la kanisani. Tulikutana mlangoni. Mazoea yalinifanya nimpokee mkoba, naye kwa mazoea akanipa. Tuliingia kwenye ofisi hiyo ya kushtakiana mimi nikiwa nimembebea mkoba.

Alijieleza vizuri, mimi mwenyewe nilitaka kumwamini. Kwamba hana mfanyakazi. Kwamba huyu ni mtoto wa ndugu yake aliyemwokota Muthurwa, akamwogesha, akampa pa kulala, naye kwa shukrani husaidia hapa na pale kama mtoto yeyote nyumbani. "Waulize watu wa Butere," akamwambia afisa. "Nilisimama mbele ya jeneza la baba yake nikasema huyu ni mwanangu. Niambie, ni mfanyakazi gani anayepelekewa fahali?"

Afisa akanigeukia. "Una mtu wa kusema vingine?"

Nikasema sina. Ni neno dogo. Nilikuwa nimeishi katika jumba lenye watu wengi kuliko kijiji chetu, na nililisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa Mama Kevo, na gunia kwapani. Kuta za Njiru ni nyembamba. Nilipokuwa nikimwomba jirani yake, alikuwa amesikia kila neno, na siku, na ofisi.

"Wewe ni nani?" afisa akauliza.

"Mimi ni nyumba kumi na nne."

"Umekuja kumtetea huyu?"

"Huyu? Huyu hata salamu simpi." Alitoa sufuria kwenye gunia akaiweka juu ya meza, tundu likimtazama afisa. "Mwaka juzi aliniwekea kufuli maharagwe yakiwa motoni. Sasa nasikia si keateka. Sawa. Kama si keateka, basi ni mtu tu wa njiani aliyeingia akafunga nyumba yangu. Huyo ni mwizi. Nataka nijue leo, nikitoka hapa nipite polisi. Na wewe Mama Beti, kama ni mwanao, mtoto akivunja chombo cha jirani mzazi hulipa. Chombo ndicho hicho. Nichagulieni."

Hakuna aliyecheka, ingawa sasa nikikumbuka nacheka. Afisa aliisogeza sufuria pembeni kwa kalamu. Alisema kumfungia mpangaji nyumba bila amri ya korti ni kosa, na kwamba hilo ni jambo lingine kabisa na huenda likawa zito kuliko la mshahara. Kisha akauliza, "Nani alimtuma?"

Niliona njia aliyokuwa nayo Senje. Ilikuwa fupi na nyoofu. Angesema tu, "Sikumtuma," na kosa lote lingekuwa langu, mzururaji aliyeweka kufuli kwa kichwa chake. Kesi yangu ingekwisha hapo, na labda ningelala seli. Nilimtazama nikiingoja. Alinyoosha kitambaa cha kichwani, akakinyoosha tena.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Hakuna mwizi katika ukoo wetu. Ilikuwa kazi yake."

"Kazi yake," afisa akarudia, akiandika.

Mpaka leo sijui kwa nini alisema vile. Huenda alichoka. Huenda aliogopa kuulizwa chini ya kiapo. Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, mkoba wake ukiwa bado magotini mwangu, na nilivyosikia mimi, alishindwa kuniacha niitwe mwizi. Kwa kuwa senje wangu kwa nukta moja ile, alipoteza kesi.

Yaliyobaki yalikuwa hesabu. Afisa alipiga tofauti kati ya nilichopewa na kilichopaswa, akasema miaka ya mbali sheria haiifikii tena, kwa hiyo vijana msingoje kama nilivyongoja mimi. Tulikubaliana Senje alipe kwa awamu tatu. Kuhusu kufuli alionywa vikali, na sufuria aliambiwa amalizane na mwenyewe. Mwishoni afisa akasema makato ya fahali nayo ni haramu, yarudishwe.

"Hayo yaacheni," nikasema.

"Ni haki yako."

"Baba alikuwa wangu. Ile nusu ni yangu."

Senje alitazama dirishani. Nilimrudishia mkoba. Nje nilimkimbilia Mama Kevo kumshukuru, akanikata hapo hapo.

"Usinishukuru. Nilikuja kwa sufuria."

Senje alilipa awamu zote kwa siku zake, kwa simu, bila neno. Jumapili sikuitwa, nami sikwenda. Keateka mpya angekuja wiki ijayo, kijana wa kampuni, mwenye sare na barua ya ajira. Mnaona, nilimfundisha kitu. Chumba kilikuwa cha kazi, na kazi ilikuwa imekwisha, basi nikafunga mzigo. Ulienea kwenye begi moja, kama nilivyokuja. Uliozidi ulikuwa mwiko wa Musyoka.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda Muthurwa nikanunua sufuria ya kipimo kile kile, nikarudi nayo begani. Mama Kevo alikuwa ameshatoka kwenda kuuza. Niliifudikiza kwenye mkeka wa mlangoni pake. Ile ya zamani ilikuwa imerudi msumarini, nikaiacha ilipo.

Senje alinisubiri getini. Nilimpa funguo, moja moja nikizitaja, ya tangi, ya pampu, ya paa. Alizipokea kwa mikono miwili. Nikamweleza vali ya kushoto, kwamba nusu kwanza, angoje, ndipo amalizie. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lawama, na kwa siri nilikuwa nimejitayarisha kwa ugali.

"Asante, Bwana Makokha," akasema.

Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuniita bwana. Ilikuwa heshima kamili, ile niliyoipigania, na ilinipita kama upepo wa Eldoret. Nilifungua kinywa kumjibu, nikatafuta jina la kumwita. Lile nililokuwa nalo halikutoka.

"Asante, Mama Beti," nikasema, kama wapangaji.

Nilikuwa hatua chache nje ya geti mtu alipopaza sauti kutoka ghorofa ya tatu: "Keateka! Maji hakuna!" Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe. Mfuko ulikuwa mtupu. Nilisimama nikasikia viatu vya Mama Beti vikiburuzika kuelekea nyuma, chini ya ngazi, kisha kimya kidogo. Halafu mabomba yakaanza kugonga, ghorofa hadi ghorofa. Alikuwa ameifungua yote.

Niligeuza begi bega la pili, nikashika barabara ya Kangundo. Kwa mwendo mrefu niliendelea kusikia kule kugonga, kama mtu aliye mlangoni akitaka afunguliwe.